Barua kwa mwanangu: bando la siku linavyokula mshahara

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mdogo wako amepona mafua.

Ujumbe wako wa Jumatatu niliupata. Umeniuliza ufanye nini, kwa kuwa simu inakumalizia shilingi 60,000 kila mwezi na mshahara wenyewe ndio kwanza umeanza kuuzoea, ukaongeza kwamba unafikiria kupunguza kumpigia bibi yako wa Muheza. Hilo la bibi ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana sikutaka tulizungumze juujuu kwenye simu.

Zile jumbe za manunuzi ya mwezi uliopita ulizonitumia nilizipitia moja moja jioni dukani, nikaziandika nyuma ya daftari la madeni. Umenunua vifurushi 35 vya siku, kila kimoja shilingi 1,500, ambavyo vinafika shilingi 52,500. Kuna huduma ya jumbe za mapenzi inayokukata shilingi 150 kila siku, yaani 4,500 kwa mwezi. Kisha umekopa salio mara 10, na kila mara wamekukata shilingi 300 juu ya ulichokopa, jumla 3,000. Hapo ndipo elfu sitini yako ilipotimia. Simu za bibi zimetoka kwenye dakika zilizokuwa ndani ya vifurushi hivyohivyo, na dakika nyingi zilifika mwisho wa siku bila kuguswa. Mpigie kama kawaida, mwanangu, kwa sababu yeye hajakupunguzia hata shilingi moja.

Kinachokumaliza ni kununua kwa kupima. Unawajua wateja wangu wa mafuta ya kula: anayekuja kila jioni na kichupa chake, kufikia mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya jirani yake aliyechukua dumu la lita tano siku moja, na wala hakupika zaidi. Kifurushi cha siku ni kichupa kile, tena kina ubaya ambao mafuta hayana: muda wake ukifika, kilichobaki kinapotea. Katika hesabu yako zipo siku tisa ulizonunua mara mbili, na nyingine ambazo kifurushi kilikufa kikiwa na MB nyingi kwa sababu ulirudi umechoka ukalala mapema.

Kwa hiyo, kabla ya mshahara ujao, fungua mipangilio ya simu yako mahali inapoonyesha matumizi ya data, utazame mwezi mzima umetumia GB ngapi na programu ipi imekula zaidi. Ukiipata namba hiyo, tafuta kifurushi cha mwezi kinachoikaribia, ugawanye bei kwa idadi ya GB, kisha ufanye hivyohivyo kwa kile cha siku ili ulinganishe. Siwezi kukuandikia bei hapa kwa kuwa hubadilika, lakini hesabu ni ileile. Kinunue siku ya mshahara, kabla ya kodi ya chumba na kabla ya saluni. Najua kutoa fedha nyingi kwa mkupuo kunauma, na ndiyo maana watu wengi hubaki kwenye vifurushi vya siku. Jikaze mwezi mmoja tu. Kama dakika zake hazitoshi, ongeza kifurushi cha kupiga mitandao yote, kwa sababu bibi yuko mtandao mwingine.

Ile huduma ya shilingi 150 iondoe leo. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, uwaambie wakuondoe kwenye huduma zote ulizounganishwa, kisha kesho yake utazame salio kwa *102# uhakikishe. Mkopo wa salio nao uuache kabisa. Mkopo wa mtaji ningeuelewa, kwa sababu mtaji huzaa. Salio la kukopa linaisha kabla hujashuka kwenye gari.

Na gari lenyewe lina habari yake. Uliniambia kwamba kutoka Kimara hadi Posta ndani ya mwendokasi unatazama video asubuhi na jioni. Saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kula zaidi ya GB moja, wakati kuongea kwa sauti kupitia WhatsApp kwa saa hiyohiyo hakufiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Shusha ubora wa video, maana kwenye kioo kidogo kama hicho tofauti huioni. Kwenye WhatsApp zuia picha na video zisijipakue zenyewe ukiwa kwenye data. Makundi ya sherehe na vikao vya harusi yanatuma video kila saa, nawe unazilipia hata usipozifungua. Masasisho ya programu yasubiri Wi-Fi ya ofisini, ikiwa mwajiri wako anaruhusu.

Jambo moja limenipata mimi mwenyewe, nisingependa likukute. Nilikuwa wodini nikimuuguza shangazi yako, kifurushi kikaisha usiku data ikiwa imewashwa, na shilingi 5,000 nilizoweka kwenye salio la kawaida kwa ajili ya dharura zikayeyuka kabla hakujapambazuka. Nilipotaka kumpigia baba yako, sikuwa na kitu. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2021 zinataka kampuni ikutaarifu matumizi ya kifurushi yakifika asilimia 75 na kinapokwisha, na isikutoze nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Basi jumbe hizo usizifute bila kuzisoma, na ukiulizwa kama uendelee nje ya kifurushi, kataa. Ukilala, zima data.

Ukiona mtandao wako hata kwa vifurushi vya mwezi bado ni ghali, unaweza kuhamia mwingine bila kubadilisha namba. Utaratibu huo upo nchini tangu mwaka 2017. Ila kwanza nunua laini ya huo mtandao mwingine uijaribu chumbani kwako na kazini wiki moja, kwa sababu bei nzuri haina faida mahali ambapo simu haishiki.

Jumapili ukija, njoo na kitambulisho chako cha NIDA. Tutapiga *106# tuone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, maana ile uliyoniambia ilipotea Kariakoo sina hakika kama uliifunga. Daftari nimeliweka kwenye droo ya kaunta, ukurasa wa nyuma kabisa, na nimeacha nafasi ya mwezi huu chini ya hesabu ya mwezi uliopita.

Mama yako