Kazi ya gym Dodoma: kabla ya mshahara, hesabu masaa

Mkuu, umesema gym moja ya mtaa wa Kisasa inakupa laki tatu kwa mwezi, uingie saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, urudi saa 10 jioni hadi saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Unauliza kama laki tatu inalipa. Nimefundisha gym hapa mjini miaka kadhaa, na naomba uanzie kwenye masaa.

Hayo ni masaa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia 45. Hayo 15 ni ovataimu, na ovataimu ni mara moja na nusu. Laki tatu kwa masaa 45 ya wiki ni kama 1,540 kwa saa, kwa hiyo ziada yako inafika karibu 150,000 kwa mwezi. Yaani kwa ratiba hiyo unastahili laki nne na nusu! Na bado ratiba yenyewe imezidi, maana ovataimu mwisho masaa 50 kwa wiki nne; wewe utafikisha 60.

Bosi atakwambia mchana wote ni wako. Mimi niliambiwa hivyo. Nilikuwa nakaa Nkuhungu: nikifika nyumbani jua limeshawaka, chumba cha bati hakilaliki, na saa 9 niko tena barabarani. Alfajiri daladala hazijaanza, kwa hiyo ni bodaboda, na nauli ilitoka mfukoni mwangu. Iliniuma kwa sababu kazi hii naipenda. Mwalimu aliyechoka haoni mteja anavyopinda mgongo chini ya chuma.

Kutoka saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri ni masaa 8 tu. Sheria inataka mapumziko ya masaa 12 mfululizo. Kushuka hadi 8 inaruhusiwa kama mmeandikiana na katikati ya kazi kuna angalau masaa matatu ya kupumzika. Pengo unalo, karatasi je? Idai kabla hujaanza, na nauli ya alfajiri iandikwe humo humo. Kuna na nyongeza ya usiku, asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ni hela ndogo, ila ni yako. Sikukuu ukiitwa, malipo ni mara mbili.

Wateja binafsi nao uwaulizie mapema: anayelipia umfundishe peke yake, gym inachukua kiasi gani na wewe kiasi gani? Kwangu hilo ndilo lililolipa kodi ya nyumba.