Muulize Fundi: Boxer iliyogongwa

Swali: Shikamoo fundi. Nauziwa pikipiki aina ya Boxer iliyogongana na daladala. Shokapu za mbele zimepinda, tenki limebonyea, ila injini inawaka. Ninunue? (Kijana, Igoma)

Jibu: Marahaba. Injini kuwaka kusikulevye. Kagua shingo ya fremu, pale usukani unaposhikia. Rangi ikiwa imepasuka hapo, shaka. Shingo iliyochomelewa mimi siigusi, hata kwa bei ya kutupa. Kisha zungusha uzi tairi la nyuma, uuvute pande zote mbili hadi la mbele, usukani umenyooka. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele zikitofautiana kushoto na kulia, kuna kitu kimepinda. Shokapu badilisha, za kunyooshwa huvuja oili. Tenki lisipovuja, achana nalo. Namba ya fremu ilingane na kadi, mkahamishe umiliki TRA (mamlaka ya mapato). Kadi ikiwa "iko Sengerema kwa mjomba", ondoka na hela yako.