Kabla ya taa za rangi, tafuta soketi itakayokuzimia feni

Joto la Tabora mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado, halilaliki bila feni. Shida inakuja alfajiri: hewa imeshapoa, feni bado inapuliza, na nani atoke ndani ya chandarua kwenda kuizima? Kwa mwenye bajeti ndogo anayeanza kuweka vifaa janja nyumbani, kazi ya kwanza ni hiyo. Taa za rangi za kubadilishwa kwa simu zisubiri.

Nunua soketi janja moja ya waifai (unaichomeka ukutani, feni unaichomeka kwake, kisha unaiwasha na kuizima kwa programu ya simu), amp 10 au zaidi, yenye pini tatu bapa kama soketi za ukutani kwetu. Ya pini mbili za duara itadai adapta, na adapta iliyolegea inaweza kushika moto. Feni ya kusimama inakula kama wati 50, mzigo mdogo tu. Pasi na jagi la kuchemshia maji huweza kufika wati 2000 hivi, karibu kabisa na ukomo wa amp 10, kwa hiyo usivichomeke hapo.

Wengi hukwama kwenye kuunganisha. Soketi hizi karibu zote zinashika waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Hotspoti ikiwa kwenye 5, programu itazunguka mpaka uchoke. Badilisha kwenye mipangilio, kisha tumia simu mbili: moja irushe hotspoti, nyingine iwe na programu.

Sasa ratiba. Programu inafuata saa za kizungu: saa 10 alfajiri andika 04:00. Ukiandika 10:00, feni itazimika saa nne asubuhi. Ikikaa imezimwa kwa muda wa saa tatu kabla hujaamka, mwezi mzima unaokoa uniti kama 4.5 za LUKU.

Ratiba nyingi hukaa ndani ya soketi yenyewe, hivyo bando likiisha zinaendelea. Umeme ukikatika ndipo mambo huharibika, kwa sababu soketi haina betri ya saa: ukirudi, haijui ni saa ngapi mpaka ipate intaneti. Simu kuukuu iliyotulia chumbani kwenye chaja, na laini yenye bando dogo, inatosha kuirushia hotspoti. Ila zima kile kipengele cha hotspoti kujifunga isipotumika, la sivyo umeme utarudi na kukuta hotspoti imelala. Kwenye mpangilio wa programu unaosema soketi ifanye nini umeme ukirudi, feni iwekee "kumbuka hali ya mwisho". Balbu janja pia, maana nyingi zikiachwa zilivyotoka dukani zitakuwakia usoni saa nane usiku.

Ukiwa chumba cha kupanga, Isevya au Ng'ambo, ishia kwenye soketi na balbu. Angalia kwanza kama holda ni ya pini au ya kuzungusha.

Pangaboi ni kazi ya fundi, meni swichi ikiwa imezimwa. Boksi za swichi za nyumba nyingi zina laivu (waya wa moto) mbili tu, inayoingia na inayopanda juu, bila nyutro (waya wa kurudisha umeme). Swichi janja ya kawaida haitawaka hapo. Rilei ndogo janja ya amp 10 (swichi ya waifai isiyo ya ukutani) ifungwe juu darini, nyutro ilipo, na fundi ahakikishe haipati umeme wake kupitia regileta ya mwendo. Dima ya taa (swichi ya kupunguza mwanga) usiifunge kwenye pangaboi, mota italalamika kwa mvumo usiku kucha. Swichi ya ukutani sasa inatakiwa ibaki imewashwa muda wote, kwa hiyo ibandike selotepu, kwani mgeni wa kwanza ataizima kwa mazoea.