Maswali na Majibu: Kwantamu na Patipati Iliyobaki Umoja

Mwanangu wa chuo ananiambia kitu hakipo mpaka kiangaliwe. Kwani usiku nikilala, KICC haipo? (Msomaji, Kayole)

Ipo, lala salama. Maneno hayo yametokana na mwanafizikia Bohr na wenzake wa Copenhagen miaka ya 1920, katika kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, nao walizungumzia elektroni, chembe ya ndani ya atomu: kabla haijapimwa, hakuna maana kuuliza iko wapi hasa. Na kupima si lazima jicho la mtu. Hewa inayougonga ule mnara na joto linalotoka kwenye saruji yake vinaupima usiku kucha. Elektroni iliyofichwa maabara haina majirani wambea namna hiyo.

Eti fotoni pacha, chembe mbili za mwanga zilizotoka pamoja, hukubaliana hata zikiwa mbali. Ajabu iko wapi? Juzi nilifika Mombasa, kufungua begi nikakuta patipati ya kushoto peke yake. Papo hapo nikajua ya kulia imebaki nyumbani. (Msomaji, Umoja)

Mfano mzuri, na Einstein angeupenda. Ila patipati yako ilikuwa ya kushoto tangu ulipofunga begi. Fotoni huulizwa maswali tofauti, yaani hupimwa kwa njia tofauti, na swali laweza kuchaguliwa ikiwa tayari njiani. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba, ikiwa kila fotoni hutoka na majibu yake yote mfukoni, na ya huku haiguswi na swali la kule, basi kupatana kwa majibu kuna kikomo. Clauser akapima, kisha Aspect kule Ufaransa mwaka 1982. Kikomo kikapitwa! Basi angalau moja ya dhana hizo mbili halisimami. Wawili hao na Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022. Mwanafizikia Bohm, katika tafsiri yake ya kwantamu ya 1952, anashikilia kwamba chembe ina mahali pake wakati wote, lakini ya huku huguswa papo hapo na linalofanywa kule. Ujumbe hata hivyo haupiti humo. Patipati bado utaiulizia kwa simu.

Bangili ya kwantamu inatibu mgongo? (Msomaji, Githurai)

Hapana.

Kuna dunia ambamo sikukosa matatu ya mwisho? (Msomaji, Rongai)

Mwanafizikia Everett, mwaka 1957, alisema matokeo yote ambayo hesabu ya kwantamu inayaruhusu hutokea, kila moja kwenye tawi lake. Hesabu yake ni safi kuliko za wenzake, nakiri. Kinachonikwama ni hiki: kama yote hutokea, kusema jambo lina uwezekano wa asilimia 70 kuna maana gani? Wafuasi wake wana majibu, nami bado sijaridhika. Na huyo wewe aliyewahi kufika hawezi kukufungulia mlango.