Maswali ya Wasomaji: Mlango wa Pili wa Maktaba

SWALI: Mkutubi mwenzangu, salaam. Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu mkoani. Kila mwaka tunalipia majarida ya mtandaoni, tunatumia mfumo wa Koha kuendesha katalogi, na tovuti yetu ina viungo vyote vinavyohitajika. Hata hivyo matumizi yako chini, na wanafunzi wanalalamika kwamba maktaba haina kitu. Uongozi sasa unataka tovuti ibuniwe upya na itengenezwe programu ya simu. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, programu ya simu isubiri. Anzeni kwa kukaa kando ya msomaji na kumtazama anavyotafuta. Mwombeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atumie simu yake mwenyewe, mfidieni bando atakalotumia, kisha mwambieni atafute makala mbili kuhusu matumizi ya samadi shambani huku akisema kwa sauti kila anachokiwaza. Baada ya hapo nyamazeni. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana, kwa sababu mkutubi aliyelelewa katika kusaidia hunyoosha kidole mara tu mtu anapokwama, na akishanyoosha, kosa la tovuti lililokuwa karibu kujidhihirisha hujificha tena. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark ambaye amechunguza matumizi ya tovuti kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, mradi mrekebishe na kujaribu tena. Watano mnaweza kuwapata katika asubuhi moja.

Nilipofanya zoezi hilo katika maktaba niliyokuwa nikiitumikia, mwanafunzi mmoja alikipita mara nne kiungo kilichoandikwa “Rasilimali za Kielektroniki” bila kukibonyeza. Nilipomuuliza baadaye, alijibu kwamba alidhani ni mahali pa kuazima kompyuta. Tulibadilisha maneno hayo yakawa “Soma majarida na vitabu mtandaoni”, kazi ya dakika chache isiyogharimu hata shilingi moja. Yapitieni maneno yenu yote kwa jicho hilo. “Hazina ya kitaasisi” ni lugha yetu sisi wakutubi. Mwanafunzi anatafuta “tasnifu za chuo chetu”, na hivyo ndivyo kiungo kinavyopaswa kusomeka.

Jambo jingine ambalo simu ya mwanafunzi itawafunulia ni uzito wa mafaili. Tasnifu iliyopigwa picha kwa rangi, ukurasa kwa ukurasa, inaweza kuwa kubwa kiasi cha kumaliza kifurushi cha siku, ilhali msomaji alihitaji sura ya tatu peke yake. Kurasa za maandishi matupu zinasomeka vizuri zikipigwa picha kwa nyeusi na nyeupe, nukta 300 kwa inchi, na hakuna kinachozuia kuiweka kila sura katika faili lake pamoja na faili la tasnifu nzima. Andikeni ukubwa wa faili kando ya kiungo ili mtu aamue kabla ya kupakua. Muhimu zaidi, ipitisheni kila tasnifu katika programu ya kutambua maandishi. Bila hatua hiyo faili ni picha tu: maneno yaliyomo hayatafutiki, na mwanafunzi asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kama NVDA ambayo hupatikana bure, hupewa kurasa zilizo kimya kabisa. Hili linaniuma kila ninapolikuta, kwa kuwa mwanafunzi huyo amelipa ada kama wenzake.

Kuhusu programu ya simu, uambieni uongozi kwamba itadai nafasi katika simu ambazo tayari zimejaa, itadai kusasishwa kila mara, na itadai fedha za kumlipa fundi hata baada ya mradi kwisha. Tovuti inayofunguka vizuri kwenye skrini ndogo inafanya kazi ileile. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na ya nne inatutaka tuokoe muda wa msomaji. Ninaitaja kwa sababu ni kipimo kinachoweza kuwekwa mezani kwenye kikao: mwanafunzi alitumia dakika ngapi kufikia makala kabla ya marekebisho, na anatumia ngapi sasa?

Wala msikubali kuambiwa kwamba jengo zuri linatosha. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, nayo ni miongoni mwa maktaba kubwa za ukanda huu. Hata hivyo chuo cha aina hiyo kina wanafunzi wengi zaidi ya viti. Kwa wengi wao, mlango wa maktaba wanaoufungua kila siku ni ule ulio kwenye simu.

SWALI: Shikamoo. Niko nyumbani likizo nikiandika tasnifu. Makala niliyoisoma bure chuoni, leo mchapishaji ananitaka niilipie kwa dola. Je, chuo kimeacha kulipia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaelekea chuo hakijaacha. Wachapishaji wengi huutambua usajili wa chuo kwa anwani ya intaneti ya mtandao wake. Ukiwa nyumbani unaonekana kwa anwani ya kampuni ya simu, kwa hiyo mchapishaji anakuona kama mpita njia. Hata ukiwa ndani ya chuo, ukitumia bando lako badala ya Wi-Fi ya chuo, utazuiwa vilevile, na wengi hawalijui hilo. Iulize maktaba yako kama ina huduma ya kuingia kutoka nje, kwa mfano EZproxy au OpenAthens, kisha uanzie safari yako kwenye tovuti ya maktaba, usianzie kwenye Google. Iwapo chuo chako kimesajiliwa na Research4Life, mpango wa kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukapanuka hadi kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, omba pia utaratibu wa kuingia huko. Wakati ukisubiri majibu, angalia DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ambako makala nyingi ziko wazi kwa yeyote.

Kwa wakutubi wanaosoma hapa ninaongeza neno: ukurasa unaomdai mwanafunzi dola ndio unaomfanya aseme maktaba haina kitu. Maelezo ya kuingia kutoka nje yawekwe juu kabisa ya tovuti, kabla ya picha za viongozi na ratiba za mikutano.

SWALI: Ninafundisha fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi akiandika “ushairi wa Kiswahili” katika katalogi yetu anapata vitabu vitatu, ilhali rafuni naviona vingi. Kuna nini?

JIBU: Mwalimu, swali lako nimelisubiri kwa muda mrefu. Maktaba nyingi za vyuo vyetu hutumia vichwa vya mada (maneno rasmi ya kutaja kitabu kinahusu nini) vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo ni vya Kiingereza. Diwani uliyoiona rafuni, kwenye namba za PL8704 au jirani, imeandikiwa mada “Swahili poetry”. Mwanafunzi wako ameuliza kwa Kiswahili juu ya kitabu cha Kiswahili, na katalogi ikamrudishia vile vitatu tu ambavyo maneno hayo yalitokea katika majina yao. Kwangu mimi hili ni kosa la huduma, wala si upungufu wa mwanafunzi.

Dawa ipo. Katika rekodi ya kichwa cha “Swahili poetry” mkutubi anaweza kuongeza marejeo, yaani majina mbadala, ya “Ushairi wa Kiswahili” na “Mashairi ya Kiswahili”. Koha ina mpangilio unaoruhusu utafutaji uyajumuishe marejeo hayo, ila lazima uwashwe na faharasa yote ijengwe upya. Njia nyingine ni sehemu ya 690 ya rekodi za MARC (muundo wa kuandikia taarifa za vitabu katika katalogi), iliyotengwa kwa mada za maktaba yenyewe, mradi fundi ahakikishe inaingia katika faharasa. Majina ya waandishi nayo yaangaliwe: anayeandika “Shaban Robert” na anayeandika “Shaaban Robert” wafike kwenye rafu moja, awe ameanza na jina la kwanza au la pili.

Hapa mkutubi anakuhitaji wewe. Waombe wanafunzi wako waandike maneno ambayo wangeyatumia kutafuta vitabu vya kozi yako, uyapange kwa istilahi unazozikubali, kisha umpelekee orodha ya hamsini za kwanza kabla muhula haujaanza.