Maswali ya Wasomaji: Mikataba ya Ulaya na vita vilivyofika Kagera

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Mbale. Kitabu tunachokitumia kinaeleza kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilienea kwa sababu mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefungamana kwa mikataba, hivyo mmoja alipoguswa wenzake wakalazimika kuingia. Wanafunzi wangu wameniuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini Italia, iliyokuwa na mkataba na Ujerumani, ilipigana dhidi ya washirika wake? Naomba ufafanuzi.
Mwalimu, Mbale

JIBU: Mwalimu, swali la wanafunzi wako linatosha kukitikisa kitabu. Mikataba ilikuwepo, na ilikuwa na uzito: Ujerumani na Austria-Hungaria ziliungana mwaka 1879, Italia ikajiunga nazo mwaka 1882, na kwa upande wa pili Ufaransa na Urusi zikakamilisha mkataba wao wa kijeshi mwaka 1894. Lakini ukiisoma mikataba hiyo, utaona kwamba karibu yote iliahidi msaada kwa nchi itakayoshambuliwa, wala si kwa nchi itakayoanza kushambulia. Italia ilishikilia hoja hiyohiyo Agosti 1914: Austria ndiyo iliyoitangazia Serbia vita, kwa hiyo Italia haikuwa na wajibu wowote, ikakaa kando. Halafu, Aprili 1915, ikatia saini mkataba wa siri mjini London, ikaahidiwa maeneo ya Austria iliyokuwa ikiyatamani, yakiwemo Trento na Trieste, na mwezi uliofuata ikaingia vitani dhidi ya mshirika wake wa zamani. Romania nayo ilikuwa na mkataba wa siri na Austria tangu mwaka 1883, na bado mwaka 1916 ikaishambulia.

Tazama sasa upande wa pili wa jambo hili, maana wapo walioingia bila kufungwa na andiko lolote. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alipouawa na Gavrilo Princip mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, hapakuwa na mkataba uliomlazimisha mfalme wa Urusi kuipigania Serbia. Wala mkataba wa mwaka 1879 haukuilazimisha Ujerumani kuiunga mkono Austria katika kuiadhibu nchi ndogo ya jirani. Hata hivyo, mwanzoni mwa Julai, Mfalme Wilhelm II na kansela wake, Bethmann Hollweg, waliiahidi Austria kwamba watasimama nayo kwa lolote litakalotokea. Kwa maoni yangu, ahadi hiyo ilikuwa na uzito kuliko mikataba yote iliyoitangulia, kwa sababu iliwapa watawala wa Vienna ujasiri wa kuipelekea Serbia, tarehe 23 Julai, masharti makali yenye makataa ya saa 48. Serbia ilikubali karibu yote, lakini Austria haikuridhika, na tarehe 28 ikatangaza vita.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio, na kilichoyaharakisha kilikuwa mipango ya majeshi zaidi ya mikataba. Urusi ilihitaji muda mrefu kuwakusanya askari wake katika nchi kubwa namna ile, kwa hiyo tarehe 30 Julai iliamua kuliita jeshi lake lote. Majenerali wa Ujerumani, kwa upande wao, walikuwa na mpango mmoja tu wa kupigana na Urusi na Ufaransa kwa pamoja: kuishinda Ufaransa kwanza, kwa kupita Ubelgiji, kabla Urusi haijawa tayari. Ndiyo maana ugomvi wa Balkani, eneo la kusini-mashariki mwa Ulaya ilipo Serbia, ukageuka, katika siku chache, kuwa uvamizi wa nchi iliyo mbali kabisa na Balkani. Ujerumani iliitangazia vita Urusi tarehe 1 Agosti na Ufaransa tarehe 3, na tarehe 4 askari wake wakavuka mpaka wa Ubelgiji.

Uingereza ni mfano unaowafaa zaidi wanafunzi wako. Makubaliano yake na Ufaransa ya mwaka 1904, na yale ya Urusi ya mwaka 1907, yalihusu migogoro ya makoloni, kama vile Misri, Moroko na Uajemi. Hayakuwa na kifungu cha kuilazimisha ipigane. Mkataba iliousimamia ulikuwa wa mwaka 1839, uliodhamini kwamba Ubelgiji isiegemee upande wowote, na ambao Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuja kuiunganisha Ujerumani, pia ilikuwa imeutia saini. Bethmann Hollweg alimlalamikia balozi wa Uingereza kwamba Uingereza inaingia vitani kwa ajili ya kipande cha karatasi. Ukweli ni kwamba London haikuwa tayari kuona pwani inayoikabili ikishikwa na dola yenye nguvu kuliko zote za bara. Karatasi ile iliipa hoja ambayo raia wake wangeikubali. Japani nayo, yenye mkataba na Uingereza tangu mwaka 1902, iliingia tarehe 23 Agosti, ikajichukulia Tsingtao, bandari ya Wajerumani nchini China, na visiwa vya Ujerumani katika Pasifiki. Kila serikali iliufungua mkataba wake na kuusoma kwa jicho la faida yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika ukoo wetu husemwa kwamba babu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani, asirudi. Uganda iliingiaje katika ugomvi huo?
Msomaji, Rakai

JIBU: Pole kwa ukoo wenu. Uganda ilikuwa himaya ya Uingereza tangu mwaka 1894, na London ilipotangaza vita, milki yake yote ilihesabiwa kuwa vitani, kuanzia Kanada hadi India. Hakuna baraza lolote la hapa lililoulizwa. Kabaka Daudi Chwa alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 18 mwezi huohuo wa Agosti.

Palikuwepo, hata hivyo, mlango wa kukwepa. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliruhusu makoloni ya eneo hili yawekwe nje ya vita, iwapo pande zote zingeafikiana. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Heinrich Schnee, aliupendelea mlango huo, lakini kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kupigana ili awazuie askari wengi wa Uingereza wasipelekwe Ulaya. Waingereza nao hawakungoja: tarehe 8 Agosti manowari yao iliishambulia Dar es Salaam, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta, mji wa mpakani ulioko Kenya.

Kwenu Rakai vita vilikuwa jirani kabisa, kwa kuwa majeshi mawili yalikabiliana kando ya mto Kagera. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaivamia Bukoba na kukibomoa kituo chake cha simu ya upepo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliposhuka kutoka Kongo hadi kuiteka Tabora mwezi Septemba, Uganda iliwapatia wapagazi, mbali na wale waliolihudumia jeshi la Uingereza lenyewe. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na wengi walizikwa njiani bila kuandikwa majina.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na wazee wa ukoo, waulize kama alisafirishwa kwa meli ya ziwa au alitembea kwa miguu kuelekea magharibi. Aliyetembea kuelekea magharibi huenda alikuwa na Wabelgiji. Wa meli huenda alikuwa na Waingereza, na wapagazi wao wengine walifikishwa mbali sana kusini, ambako mapigano hayakukoma hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.