Jibu: Nimepiga simu hospitali tano, hakuna anayenikubali kumfuata PA kazini

Habari ndugu. Unasema unataka kumfuata PA (physician assistant, mtabibu anayefanya kazi pamoja na daktari) kazini ili uombe chuo cha PA, na kila ukipiga simu mapokezi wanakuzungusha. Mapokezi hawana uwezo wa kukukubali, achana nao.

Kwanza soma masharti ya kila chuo unachokitaka. Vingine havidai kabisa saa za kumfuata mtu kazini, vingine vinataka umfuate PA hasa, si daktari.

Mimi nilikuwa CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya wazee hapa Marekani. PA mmoja alikuwa akija kila Alhamisi. Nilimsubiri amalize raundi, nikamwomba siku moja tu. Siku moja mtu hakatai! Ilizaa nyingine sita, kisha akanipeleka kliniki yake. Kama hufanyi kazi mahali pa wagonjwa, mwulize PA anayekutibu wewe au mzazi wako.

Andaa mapema kadi ya chanjo na kipimo cha TB. Fomu ya HIPAA (sheria ya Marekani ya kulinda siri za wagonjwa) watakupa wenyewe. Kadi yangu ilibaki Morogoro, nikalazimika kupima damu upya, wiki tatu zikaenda bure.

Na kwenye CASPA (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya PA) usichanganye saa za kumfuata PA na saa za kuhudumia wagonjwa, zina sehemu yake. Andika tarehe, saa na mawasiliano ya PA siku ile ile.